Jarife moja kwa magoli mawili

Nyota nne kati ya tano kwa kiwanja cha mpira cha kijiji kimoja huko Kigamboni. Ile ya tano wataipata siku wakichimba choo.

Nimeanza na hukumu kwa sababu najua wengi wenu mkishaona nyota mnauliza bei. Bei nayo hii hapa: kiingilio hakuna. Kuna mchango wa chokaa ya kuchorea mistari, shilingi 500, anapita nao mtoto mwenye kopo tupu la rangi, na ukishatoa ukatazama chini utagundua chokaa yenyewe ni majivu. Nilitoa bila kunung'unika. Hadi jua linazama nilikuwa nimeshajua mia tano yangu ilikwenda wapi, na hilo si wapenzi wengi wa mpira wanaweza kulisema.

Mimi nauza vitambaa Kariakoo. Shabiki wa Simba, wa kuzaliwa. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka minane, baba akanipeleka Uwanja wa Taifa ule wa zamani, Shamba la Bibi, kwenye fainali ya Kombe la CAF, tukafungwa 2-0 na Stella Abidjan mbele ya macho yetu. Mbele ya macho ya baba, niseme, maana mimi niliona migongo tu. Hadi leo nikiulizwa magoli yale yalifungwaje nasema yalifungwa kwa kelele. Nilipokua nikahamia Uwanja wa Mkapa, mzunguko, juu kabisa, ambako wachezaji ni sisimizi na kati ya watu elfu sitini unajua nani kafunga kwa kutazama upande uliosimama. Nilidhani mpira ndivyo unavyotazamwa.

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenitoa huko. Yanga, ila ana adabu zake. Kasoma mahali kwamba Uingereza kuna watu wanaotembelea viwanja vyote 92 vya timu za madaraja manne ya juu, kimoja baada ya kingine, na wakivimaliza hawatulii, wanashuka vijijini kutafuta vingine. Wajerumani nao wanaumwa ugonjwa huohuo, na wao hata mpaka wa nchi hauwazuii. Timu kwao si hoja. Wanachokusanya ni viwanja. Basi kijana naye kanunua daftari la kaunta, kaanza yake: Mwembe Yanga, Kinesi, Tandika Mabatini, Chamazi. Na ana sheria moja haibadiliki: kiwanja hakiingii daftarini mpaka filimbi ya mwisho ipulizwe ukiwa umesimama palepale. Sheria hiyo nitairudia, kwa uchungu.

"Shangazi," akaniambia, "Jumapili twende ng'ambo. Kuna nusu fainali ya mbuzi."

Kwa asiyejua mambo ya mchangani, mpira wa mitaani na vijijini: mshindi wa kombe anapewa mbuzi. Anapewa na jezi pia, mfadhili akipatikana. Huyu wa safari hii alikuwepo uwanjani siku ileile, beberu mweupe mwenye kidevu cheusi, kafungwa kwenye mwarobaini karibu na meza ya wageni waalikwa, na watu walikuwa wanapita kumpapasa mgongo kama wanavyopapasa kitambaa dukani kwangu bila nia ya kununua.

Kufika si kazi. Magogoni tuligonga kadi getini, shilingi 200, kadi ileile ninayoingilia Mkapa, ikaniliwaza kidogo kwamba bado niko kwenye mambo ya mpira. Pantoni la Jumapili linajaa watu wa fukwe, na mabegi yao, na maboya yao ya kuogelea yaliyokwisha jazwa upepo tangu nyumbani, sijui kwa nini. Ng'ambo tukapanda daladala, tukapita Mjimwema, tukaelekea Gezaulole. Mzee mmoja niliyekaa naye kiti kimoja aliniambia jina hilo ni la Kizaramo, maana yake jaribu uone, walilipewa zama za vijiji vya ujamaa, na kabla ya hapo pakiitwa Mbwamaji. Akaniuliza naenda kwa nani. Nikasema naenda kutazama mpira. Akageuka akamtazama kijana wangu, akanitazama tena mimi na mtandio wangu mwekundu, akasema, "Haya, geza ulole." Kutoka barabarani ni bodaboda, 2,000 kwa wawili, mchanga mtupu, nilimshika dereva kiunoni kama ndugu yangu.

Jina la timu siandiki. Nilimwomba katibu ruhusa ya kuwaandika, akakubali kwa furaha, halafu akafikiri, akasema nisubiri kulitaja hadi usajili wao wilayani ukamilike, maana jina hilo kuna wengine wawili wanalidai. Tutosheke na kwamba ni timu ya kijiji mbele kidogo ya Gezaulole, inavaa kijani, rangi ya Yanga, na hilo la kijani niliambiwa nikiwa nimeshavuka maji.

Sasa kiwanja. Kiko kati ya minazi na bahari, na ukikaa kimya kidogo unasikia mawimbi. Nyasi ziko pembeni tu. Katikati ni mchanga, mpira ukidunda haurudi juu, unakufa. Kwenye kona moja kuna mnazi umesimama kabisa njiani, mpiga kona hana pa kukimbilia, anapiga amesimama, na mpira ukigonga mnazi huo unahesabiwa umetoka. Sheria hiyo haiko kwenye kitabu chochote, ila refa aliitangaza kabla ya mechi, wageni wakaitikia kwa vichwa kama watu wanaosomewa mkataba. Milingoti ya magoli ni miti ya mkaratusi, na mwamba wa juu umelegea katikati hadi golikipa mrefu anaweza kuushika bila kuruka. Kijana wangu alilipima goli kwa hatua, akaandika daftarini. Vipimo rasmi ni mita 7.32 kwa 2.44. Hakuniambia yeye kapata ngapi, alitabasamu tu.

Na nyavu. Tulitangaziwa saa tisa. Saa tisa na nusu timu zote zimeshapasha misuli, zimeshachoka kupasha, refa kakaa chini kavua viatu anakung'uta mchanga. Nikamwuliza jirani yangu tunasubiri nini. "Jarife," akasema. Kijiji hakina nyavu za magoli. Kuna mvuvi mmoja ana jarife, wavu wa matundu makubwa wa kuvulia papa na taa, na huwa anawaazima akirudi baharini. Siku hiyo alichelewa kurudi. Saa kumi kasoro robo akaja anatembea taratibu kutoka ufukweni, jarife begani linachuruzika maji, akapigiwa makofi ambayo straika wao hakupigiwa siku nzima. Wakalifunga kwa kamba za katani kwenye goli la kaskazini. Goli la kusini likabaki wazi.

Nikauliza kwa nini kaskazini, nikidhani ni bahati nasibu. Wapi. Ulikuwa mwezi wa saba, kusi linavuma, na kusi linasukuma kila kitu kwenda kaskazini, mpira ukiwemo. Mashuti mengi yanaangukia upande ule, basi wavu umewekwa kwenye wateja. Nimefanya biashara miaka kumi na tano sijawahi kusikia mpangilio wa bidhaa wenye akili kuliko huo. Kijana wangu akaongeza yake: "Shangazi, hata sheria namba moja ya mpira inasema nyavu zinaweza kuwekwa. Haikusema lazima."

Nyuma ya goli lile wazi, kwenye kivuli, palikuwa na akina mama wawili wa biashara. Mmoja ana jiko la mihogo, kakaa pembeni usawa wa mlingoti wa kushoto. Mwingine ni bi mkubwa wa bagia, kakaa katikati barabara, beseni mbele yake limefunikwa kanga. Nikamwamkia, shikamoo bi mkubwa, marahaba mwanangu, nikamwuliza haogopi mpira kukaa pale? Akasema msimu wa kusi mipira haifiki kwa nguvu, yeye hukaa pale miaka yote, msimu wa kaskazi ndipo anahamia upande wa pili. Bagia zake ni za kunde, 100 moja, zina kitunguu na pilipili ya kuamsha mtu. Nilikula sita kabla ya mechi. Mihogo ya jirani yake ilikuwa na mizizi, siisifii. Madafu 1,000, baridi ya kivulini tu, yanatosha.

Wageni walikataa kuingilia kwenye uwazi wa ua ambao kila mtu alipita. Walizunguka wakaruka michongoma, wachezaji kumi na wanane wazima, mmoja akachana bukta. Mnaoujua mpira wetu mnaelewa. Kamati ya ufundi, yaani watu wa ndumba, huenda ilitia miguu yake pale langoni usiku. Mimi nilipita pale nikiwa na mkoba, sijambo.

Mechi yenyewe. Wageni walikuja na mamluki watatu, wachezaji wa kukodi, walijulikana kwa njumu mpya na kwa kutojua majina ya wenzao, "we' wa soksi!" mmoja alikuwa akiita akiomba pasi. Kijani wetu (tayari nasema wetu, Mungu anisamehe) walianza na upepo mgongoni, na dakika kama ya ishirini beki wao alibutua tu kuokoa, mpira ukachukuliwa na kusi, ukapaa, golikipa wa wageni akarudi nyuma, akarudi, akarudi, akaingia nao golini. Jarife likaupokea, ukaning'inia mle kama samaki. Mdundiko ukalipuka. Ngoma zilikuwa zimekaa kimya nyuma ya meza ya wageni waalikwa, sikuzitegemea, na kabla sijajua kinachoendelea nimeshavutwa mkono niko kwenye mstari tunazunguka kiwanja, mechi imesimama, refa anatusubiri. Kwa Mkapa ningekuwa bado nauliza nani kafunga.

Mapumziko ndiyo habari ya ile nyota. Wanaume waliingia michongomani. Mimi nikasimama na mkoba wangu. Mtoto wa kopo la rangi, kwa akili kuliko kamati nzima, akaniongoza hadi nyumba ya tatu, mwenye nyumba akanitekea maji, akakataa hela, akaniambia kila mechi huja wanawake wasiopungua kumi na yeye ndiye choo cha klabu. Alisema akicheka. Haikuwa nzuri. Ndugu zangu wa kamati, mbuzi mmoja ni pesa ngapi, na shimo ni pesa ngapi?

Kipindi cha pili upepo ukawa wa wageni na mamluki wakaanza kuonekana. Yule wa kuita soksi alimpiga beki wetu tobo, mpira katikati ya miguu, akampiga wa pili kanzu, mpira juu ya kichwa, watu wa kijiji wenyewe wakampigia makofi, akafunga. Moja moja. Wavu wa jarife ukatikisika vizuri hadi nikafurahi kidogo, kisha nikajificha.

Zikabaki kama dakika kumi. Kijani wanashambulia kusini, dhidi ya upepo, kwenye goli lisilo na wavu. Winga akaingia ndani, akapiga chini chini, upepo haukuupata, mpira ukapita karibu kabisa na mlingoti na sauti iliyofuata ilikuwa ya bati. Beseni. Bagia zikaruka hewani, kanga ikaruka, bi mkubwa akabaki amekaa vilevile mikono juu.

Nusu ya uwanja ikashangilia, nusu ikasema nje. Mshika kibendera alikuwa ameanguka kwenye mchanga kabla ya shuti, hajaona kitu. Refa alikuwa nyuma sana. Wachezaji wakamzunguka, watu wakavuka mstari wa majivu, majivu yenyewe yakapotea, ngoma zikaanza zikanyamazishwa. Nilisogea. Mkapa siwezi kusogea, hapa nilisogea hadi nikawa bega kwa bega na golikipa wa wageni aliyekuwa akiapa kwa mama yake mzazi kwamba umepita nje.

Refa, kijana mdogo tu, akafanya jambo ambalo sijawahi kuona refa akilifanya. Akaenda nyuma ya goli akachuchumaa mbele ya bi mkubwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, umepita wapi?"

"Umepita ndani. Ungepita nje ungemkuta mwenzangu na mihogo yake. Haya, bagia zangu nani analipa?"

Wageni wakalipuka: shahidi wa nyumbani! Bibi wa kijiji atasema nini kingine? Bi mkubwa akasubiri wamalize. Kisha akanyoosha kidole kwa beki wa kushoto wa wageni, namba tatu, kijana aliyekuwa kasimama pembeni muda wote akitazama vidole vyake. "Yule pale mjukuu wangu. Asubuhi kanywa chai kwangu. Ningekuwa wa kudanganya ningemdanganyia nani?"

Namba tatu hakuinua kichwa. Refa akasimama, akatazama beseni, akatazama mlingoti, akarudi nyuma hatua mbili akatazama tena kwa jicho moja kama fundi seremala, akanyoosha mkono kati. Goli. Hakuna mgeni aliyegomba tena, isipokuwa golikipa, naye kwa sauti ya chini.

Na mia tano yangu? Nahodha wa kijani aliliita lile kopo la rangi, wakahesabu mbele ya watu, bi mkubwa akalipwa bagia sitini, elfu sita kamili. Kumi kati ya hizo mtoto wa kopo alishaziokota anapuliza mchanga anakula.

Mzozo ulikula muda, jua likawa linagusa minazi. Hapo mwenye jarife akatokea nyuma ya goli la kaskazini. Maji yalikuwa yanajaa, chombo chake kimeshaanza kuelea, na yeye alitaka wavu wake. Akamwuliza refa kwa sauti mpira unaisha saa ngapi. Refa akaonyesha vidole saba. Mvuvi akasubiri vitatu. Kisha akaanza kufungua kamba za chini, mechi inaendelea, wageni wanashambulia golini humohumo, golikipa wetu anapiga kelele kwa mbele na kwa nyuma. Nami hapo nilikuwa namvuta kijana wangu shati tuwahi daladala. Akanionyesha daftari. Filimbi haijapulizwa. Nikabaki. Shuti la mwisho la yule wa soksi lilipaa juu ya mwamba uliolegea, likaishia minazini, na wakati filimbi inalia mvuvi alikuwa ameshalikunja jarife lote begani, anashuka ufukweni bila kugeuka kuuliza matokeo.

Kwa sheria ya daftari nililipia: bodaboda ya kurudi ilikuwa 5,000, giza limeingia, mtu hana pa kujadilia. Andaeni hiyo.

Kwenye pantoni kijana akanisomea kutoka simuni kwamba nyavu za magoli zilibuniwa na mhandisi wa jiji la Liverpool, John Alexander Brodie, baada ya goli la Everton lililozua mzozo mwaka 1889, na mwaka 1891 zikaanza kutumika. Nikamwuliza Liverpool ni mji wa namna gani. Akasema wa bandari. Nikamwambia basi hakubuni kitu huyo, alimwona mvuvi.

Fainali ni Jumapili ijayo. Tutakwenda, na safari hii naondoka na maji yangu ya chupa na kanga ya ziada. Ila mjue mapema: katibu ameniambia Jumapili hiyo maji yanajaa mchana, mwenye jarife atakuwa ameshaondoka, kwa hiyo magoli yote mawili yatakuwa wazi. Bi mkubwa wa bagia ameshakubali kukaa nyuma ya lile la kusini. Kwa la kaskazini bado wanatafuta mtu mwenye beseni.